Mkungu, Kivumbasi na Jicho la Mama Mkwe

Mafundi bomba walivunja sakafu ya uani kwetu wakitafuta bomba la maji machafu lililopasuka. Walikaa siku mbili, wakaziba bomba, wakaahidi kurudi kuweka saruji, wakaingia mitini. Nyuma yao kilibaki kipande cha udongo mtupu, urefu hatua saba, upana hatua mbili, kuanzia mlango wa korido mpaka karibu na bafu. Mtu mwingine angewapigia simu awatukane. Mimi nilisimama nikautazama ule udongo na kusikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nihamie Kariakoo.

Mimi ni mtu wa Marangu. Kwetu udongo hauachwi wazi. Ukiuacha, jirani anakuja kuuliza kama unaumwa. Hapa Kariakoo kila aliyekuwa na nyumba ya chini ameshaivunja akajenga ghorofa, na sisi tumebaki katikati yao kwenye nyumba ya kupanga ya zamani: korido ndefu, vyumba huku na huku, uani kwa nyuma, na mwisho wa uani jiko, choo na bafu. Vyumba viwili vya mbele vimejaa mabeseni na masufuria ya duka langu la jumla. Ardhi sikuwa nayo hata ya kufukia mbegu ya parachichi. Kwa hiyo nilipoona udongo uani kwangu, niliamua palepale kwamba nitapanda mkungu, ule mti wa majani mapana na matawi ya kutanuka, niweke kiti chini yake, nijisikie mtu.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kwetu kutoka Masasi kwa ajili ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alisema atayafanyia upasuaji moja moja, la kulia kwanza, la kushoto baada ya miezi miwili. Baba mkwe alikwishafariki, na mama alikuwa anaishi peke yake, mbali na kisima na mbali na majirani.

"Mama akirudi na macho mawili, nitalala usingizi," mke wangu aliniambia. "Akirudi na moja, sitalala, na wewe hutalala."

Nilimwahidi yatakuwa mawili. Niliahidi kwa moyo wote, maana nampenda mke wangu na usingizi pia naupenda.

Sasa, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Kwao ni hivyo na kwetu ni hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Mimi nikiingia sebuleni, yeye anatoka. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," naangalia mlango. Akijibu, "Marahaba, baba," anaangalia ukuta. Salamu ikiisha, maneno yetu yamekwisha. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu. "Mwambie baba chumvi imekwisha," mama angesema, nami nimesimama hatua tatu kutoka alipo na nimesikia vizuri sana. Mke wangu angenigeukia: "Mama anasema chumvi imekwisha." Nami ningeshtuka, kama habari mpya.

Sikuona ubaya. Wiki zile za kwanza tuliishi kwa amani kabisa. Asubuhi nilipita uani kwenda kuoga na kurudi. Jioni nilikaa nje kifua wazi, na kaptura yangu ya kijani, kupunga upepo. Yeye alikuwa mlangoni mwa chumba chake cha uani, anachambua mchele kwa kupapasa, hana wasiwasi na mtu. Dukani nilijisifu kwamba mimi na mama mkwe wangu hatuna neno.

Kisha wakamfanyia jicho la kulia. Upasuaji ulikwenda vizuri mno. Siku ya kwanza baada ya kufunguliwa bandeji alisoma saa ya ukutani. Siku ya pili alimwonyesha binti yake utando wa buibui darini. Siku ya tatu, mapema asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kuoga, nilisikia sauti yake nyuma ya mlango.

"Mwambie baba, ule udongo ungefaa kivumbasi. Kivumbasi ni dawa."

"Mwambie mama," nilisema, "nimeshapanga kupanda mti wa kivuli."

"Mwambie baba, dawa kwanza."

Mimi ni mfanyabiashara. Bidhaa mbili zikigombea rafu moja, sigombi, nazilinganisha. Nilikwenda kwa muuza miche mmoja wa kando ya barabara, njia ya Buguruni.

"Mambo, bosi?"

"Poa. Nataka mkungu. Halafu nieleze na kivumbasi, kwa kulinganisha tu."

"Sasa bosi, utalinganishaje hivyo vitu?" aliuliza. "Mkungu unakaa chini yake. Kivumbasi unakaa nyuma yake."

Nilimwona hajui kazi, nikafanya hesabu zangu mwenyewe. Mkungu unakwenda juu, unatandaza matawi tabaka kwa tabaka, unatoa kivuli cha kukaa watu wanne na meza. Ubaya wake ni kwamba unapukutisha majani, na mizizi yake haina adabu, inaweza kuinua ukuta. Kivumbasi ni kichaka. Kinashika haraka, kinafika kimo cha mtu, kinachipua kuanzia chini kabisa, na kinanuka dawa kweli. Watu hufikicha majani wakayanusa wakibanwa na mafua, hujifukizia, na huyaweka ndani kufukuza mbu. Lakini kivuli chake kinamfaa kuku, tena kuku mfupi. Kwa mtu mwenye akili timamu, mkungu ulishinda.

"Kivuli cha nini?" mke wangu aliuliza. "Maghorofa haya yanatutosha. Jua linafika hapa uani saa sita mpaka saa nane tu."

"Ndiyo saa zenyewe za kivuli."

"Saa hizo wewe uko dukani."

Nilimwambia haelewi mambo ya miti. Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kugeuza maharage. Leo ninajua alitaka kusema nini. Siku ile niliona ameishiwa hoja.

Nikaamua kummaliza mama mkwe kwa wema. Kama shida ni ugonjwa, dawa zimejaa mjini. Nikauliza: mama anaumwa nini hasa?

"Anasema mafua," mke wangu alisema.

Nikanunua dawa ya mafua, tangawizi na asali. Siku mbili baadaye mafua yalikuwa yamekwisha, sasa ni mbu. Nikanunua chandarua kipya na feni ya kusimama, nikaifunga mwenyewe wakati mama yuko kanisani. Mbu wakaisha, likaja tumbo. Nikaleta dawa ya tumbo. Tumbo likapoa, likaja kichwa, kisha miguu kuwaka moto, kisha kitu ambacho mke wangu alikieleza kama "basi tu, mwili". Kila ugonjwa, kwa maneno ya mama, ulitibika kwa kivumbasi, na hakuna hata mmoja uliojirudia. Mwenye duka la dawa mtaani kwetu alianza kunipa pole bila kuniuliza.

Mimi nina hasira za karibu, na huwa zinaanzia masikioni. Jumapili moja, baada ya kuletewa habari za kiuno, masikio yaliwaka. Nilichukua jembe, nikachimba shimo katikati ya ule udongo, nikapanda mkungu wangu. Ulikuwa mche wa kimo cha goti, una majani saba. Niliumwagilia, nikaweka kiti pembeni yake, nikavua shati, nikakaa. Kivuli chake kilifunika kidole gumba cha mguu. Mlango wa mama mkwe ulifungwa polepole.

Jioni ileile mke wangu alikuja chumbani macho mekundu.

"Mama amekata tiketi. Jumamosi ya wiki ijayo anarudi Masasi."

"Na jicho la kushoto? Si Jumatano inayofuata?"

"Amesema jicho moja linamtosha. Amesema hata hilo moja limeshaona mengi."

Hapo nikapandisha hasira. Nilisema yote. Nikahesabu feni, chandarua, tangawizi, asali, chupa za dawa moja baada ya nyingine. Nikauliza ni mkwe gani mwingine katika mji huu amehangaika hivi. Nikauliza kama kweli mtu mzima anaweza kuacha jicho lake kwa sababu ya kichaka. Nilipomaliza, mke wangu alifunga mlango wa chumba, akashusha sauti.

"Mama haumwi."

"Haumwi nini?"

"Haumwi chochote. Mama anaona."

"Si ndiyo maana tulimleta?"

"Kabla ya upasuaji alikuwa haoni," alisema. "Ulikuwa unapita pale anasikia kandambili tu. Sasa anaona. Kila asubuhi mlango wake ukifunguka, wewe huyo unapita na taulo, unaimba. Alitaka kivumbasi kishike pale kutoka korido mpaka bafuni, wewe upite upande wako na yeye upande wake. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mama yangu amekuona? Hata mimi mwenyewe hajaniambia. Anasema kivumbasi, mimi namwelewa. Nilidhani na wewe utaelewa, kila mtu angeelewa!"

"Lakini mimi huwa najifunga taulo!"

"Lile ni taulo la uso, baba watoto."

Nikakaa kitandani. Niliziona asubuhi zangu zote moja moja: napita nikiimba pambio, nasimama katikati ya uani kujinyoosha, siku moja hata nilifanya mazoezi ya kuchuchumaa. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imeshapasuliwa na mafundi bomba, na nilichokifanya juu yake ni kupanda majani saba.

Mke wangu hakuwa amemaliza. "Anaamka saa kumi na moja awahi chooni kabla hujatoka. Baada ya hapo hatoki mpaka uende dukani. Jioni ukikaa pale kifua wazi, anajifungia. Siku hizi hanywi chai asubuhi wala maji jioni, ili asije akahitaji kutoka."

Hilo ndilo lililoniuma. Mama wa watu anajinyima maji ndani ya nyumba yangu, nami nimempelekea feni. Niliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa. Na kibaya zaidi, sikuweza kwenda kumwomba radhi. Nikimwomba radhi nitakuwa nimesema kwamba ameniona, na tukishasema hivyo, hata Jumamosi ni mbali, angeondoka kesho.

Kulikuwa na namna moja tu ya kulisema lile neno, na yeye alikuwa ameshanielekeza.

Jumatatu sikufungua duka. Nilizunguka kwa wauza dawa za asili pale sokoni, wote wana kivumbasi kilichokauka, kwenye mifuko. Wauza miche wana vya kimo cha kikombe cha chai. Mimi nilihitaji kichaka cha kumficha mtu mzima mwenye mwili wangu, na nilikihitaji kabla ya Jumamosi ya wiki ile nyingine. Mwishowe nilikiona Buguruni, nyuma ya gereji, safu nzima ya kivumbasi imeota kama ua kati ya gereji na vyumba vya wapangaji.

"Kiasi gani vichaka tisa?" nilimuuliza fundi magari mwenye sehemu ile.

"Unataka majani?"

"Nataka na mizizi yake."

Alinitazama kwa huruma. "Mgonjwa wako amezidiwa sana, eh?"

"Sana," nilisema.

Tulivichimba na udongo wake, tukavifunga magunia, tukavisimamisha kwenye guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Mimi nilikaa katikati yake nikivishikilia visianguke. Harufu ilinipanda puani, nikapiga chafya kutoka Buguruni mpaka Kariakoo. Kwenye mtaa wetu wa duka watu wananijua mimi na mabeseni yangu. Nilipopita nimezungukwa na msitu, machozi yananitoka, mmoja alipiga kelele: "Mganga, nipe ya kuvuta wateja!" Mwingine akauliza kama nimehamia porini. Wapagazi waliweka mizigo chini ili wacheke vizuri. Sikuwajibu, nilikuwa napiga chafya.

Niliung'oa mkungu, nikauweka kwenye beseni lililopasuka na kumpa jirani. Mahali pake na kulia na kushoto nikapanda vivumbasi tisa kwa mstari, kuanzia mlango wa korido mpaka bafuni. Jasho lilinitoka mno, lakini sikuvua shati. Mama mkwe alikuwa ndani. Nilisimama mbali na mlango wake na kupaza sauti kidogo.

"Mwambie mama, kivumbasi kimefika. Kwa ajili ya yale mafua."

Mke wangu alikuwa anauma ncha ya kanga yake.

"Mwambie baba, ahsante," sauti ilisema. "Mafua yananisumbua kweli."

Tangu siku ile nilikwenda kuoga nimevaa suruali, shati la mikono mirefu na viatu, kama mtu anayekwenda kusaini mkataba. Nikitoka, nimevaa vilevile, nimelowa. Jioni nilikaa mbele barazani, nikatazama magari na kuliwa na mbu, maana kivumbasi chote kilikuwa nyuma.

Lakini siku ya tatu vichaka vilianza kulegea. Majani yalining'inia, mengine yakaanguka, na katikati ya safu pakatokea mwanya ambao mtu angepita na kitanda. Nilivimwagilia asubuhi na jioni. Nilivisemesha kwa lugha ya kwetu. Mke wangu alianika kanga juu yake ili zikauke, kanga ambazo zilikuwa zimekauka tangu wiki iliyopita. Tiketi ilikuwa bado juu ya kabati. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa lilelile: mama atasafiri kama alivyopanga. Mke wangu alianza kununua vitu vya kupeleka, sabuni, sukari, vitenge, anavipanga kwenye begi na kuvipangua, halafu anavipanga tena.

Wiki ya pili nilikuta udongo umeshalowa kabla sijafika na ndoo. Nilidhani ni bomba tena. Kesho yake pia ulikuwa umelowa, na kwenye tope kulikuwa na alama za kandambili ndogo. Sikumwambia mtu. Siku ileile nilisikia kikombe na kijiko upande wa pili, mtu anakoroga chai, na jua limeshatoka. Nilisimama kwenye korido na taulo begani, taulo kubwa jipya, nikasikiliza ile chai inavyokorogwa kama mtu anasikiliza taarifa ya habari.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, vichaka vilikuwa vimeshika. Machipukizi yalikuwa yametoka mpaka chini, na ule mwanya ulikuwa umejaa majani mapya. Mimi nilikuwa napita upande wangu kwenda kuoga. Nilisikia kandambili zinakuja upande wa pili, taratibu, zikasimama usawa wangu. Mke wangu alikuwa sokoni. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa "mwambie".

"Shikamoo, mama," nilisema nikiangalia majani.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Umeamkaje! Kwa miezi yote ile mama hakuwahi kuniuliza kitu mimi mwenyewe. Nilijibu nimeamka salama. Akasema na yeye salama. Nikasema kivumbasi kimeshika. Akasema kimeshika.

"Baba," alisema.

"Naam, mama."

"Ile kaptura yako ya kijani imetatuka nyuma. Imetatuka vibaya. Mpe mwenzio aniletee niishone." Nilisikia anachuma jani. "Lakini itabidi usubiri mpaka baada ya Jumatano, maana hili jicho moja linaona kaptura, tundu la sindano bado halilioni."